Shule Isiyo na Wa Kwanza

Baba mmoja alipokea ripoti ya mwanawe, akaisoma mbele, akaigeuza akasoma nyuma, kisha akaitikisa kidogo kana kwamba kuna karatasi nyingine iliyonasa katikati. Alikuwa bado na ovaroli ya gereji. Tulikuwa tumeketi chini ya mwembe kwenye viti vya watoto, magoti yametupanda kifuani, kila mzazi na ripoti yake mkononi: kurasa mbili za maandishi ya mwalimu, hakuna asilimia, hakuna A wala B.

"Mwalimu, nashukuru sana," akasema. "Nimesoma hapa anaelewana na wenzake. Nimesoma anajua kupanda mchicha na kuumwagilia. Sasa naomba kuuliza, huyu ni wa ngapi?"

Kikao kikaangua kicheko. Mwalimu Mkuu naye alicheka, ila kidogo, kisha akajibu kwa upole kwamba hapa mtoto halinganishwi na jirani yake, analinganishwa na yeye mwenyewe wa muhula uliopita. Yule baba alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, Mwalimu," akaikunja ripoti mara mbili, akaitia mfukoni.

Hiyo ilikuwa Desemba. Januari shule zilipofunguliwa mwanawe hakurudi.

Swali lake halinitoki tangu wakati huo. Nikiwa kwenye foleni ya Mwenge linakuja, nikiwa naosha vyombo linakuja. Sidhani kama lilikuwa swali la kijinga. Nadhani lilikuwa swali pekee la kweli lililoulizwa siku ile, na sisi tuliocheka tulicheka kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ameshalijibu kimyakimya, akiwatazama watoto wanaokimbizana upande wa pili wa ua.

Kunong'ona

Sitaeleza kwa nini mzazi wa Dar es Salaam hutafuta shule ya pembeni. Gari la shule linalopiga honi saa kumi na moja alfajiri mnalijua, na mtoto anayekunywa chai huku amelala mnamjua. Kilichotuondoa sisi kilikuwa kidogo zaidi.

Binti yangu alianza kunong'ona.

Alikuwa darasa la kwanza kwenye inglishi midiamu ya jirani. Akitaka maji ya kunywa anakuja mpaka sikioni kwangu, anatazama nyuma, ndipo anaomba kwa Kiswahili. Shuleni kwao ukikamatwa unaongea Kiswahili ulivishwa kibao shingoni, ukakaa nacho mpaka umkamate mwenzako umvishe yeye. Nyumbani kwetu hakuna kibao, lakini yeye alikuja nacho.

Baba yake ndiye aliyesema basi, imetosha.

Shule tuliyoipata iko upande wa Barabara ya Bagamoyo, kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mkubwa. Watoto hawafiki 60. Mwenye shule, ambaye ndiye Mwalimu Mkuu, ni mwalimu mstaafu, mama aliyefundisha shule za serikali miaka nenda rudi na kustaafu na hoja zake. La kwanza hadi la tatu wanakaa chumba kimoja, la nne hadi la sita chumba cha pili, na la sita ndilo darasa la juu kabisa kwa sasa. Hakuna fimbo, hakuna namba. Kiswahili na Kiingereza vyote ruksa, ilimradi unayeongea naye akuelewe.

Siku ya kwenda kuiona nilikaa asubuhi nzima, nikijifanya nasubiri fomu. Watoto wa chumba kidogo walikuwa barazani na debe la maharage na kisado kitupu. Mwalimu aliwaambia jambo moja tu: mama wa genge la nje amenunua debe hili, anataka kujua atauza visado vingapi. Wakaanza kupima. Wawili wakawa wanafuta kisado kwa rula mpaka kiwe sawa na ukingo. Wengine wakawa wanajaza lumbesa, maharage yamepanda kama kichuguu, kwa sababu ndivyo wanavyoona mama zao wakiongezewa sokoni. Wa rula wakapata visado vitano. Wa lumbesa wakapata vinne na maharage machache yaliyobaki. Ukazuka ugomvi. Wa rula wanasema nyie mnamtia mama hasara, wa lumbesa wanasema nyie hamtapata mteja, na mwalimu ameegemea nguzo anaandika kitu kwenye kauntabuku lake. Mpaka chai inatoka walikuwa bado wanabishana, wakijumlisha bei kwa vidole, na mmoja ametumwa gengeni kumuuliza mama mwenyewe anauzaje.

Binti yangu, yule wa kunong'ona, alikuwa amejiunga na wa lumbesa, na alikuwa anapiga kelele kuliko wote.

Nililipa awamu ya kwanza kabla hatujaondoka.

Bibi na kalenda

Akiwa darasa la pili, likizo ya Juni, mama mkwe wangu alikuja kutoka Muheza. Siku ya pili yake akashusha kalenda ya ukutani, akamwita mjukuu. "Hebu nisomee hapa."

"Heri ya Mwaka Mpya" ilitoka bila shida, maana ile anaijua kwa sura. Chini yake kulikuwa na "Tunawatakia wateja wetu". Binti yangu akasema "Tunataka". Akasita. "Tunataka watoto." Akatabasamu, akakimbilia nje.

Bibi hakumwambia mtoto kitu. Alirudisha kalenda kwenye msumari, akaja jikoni, akavuta ungo, akaanza kunisaidia kuchambua mchele.

"Mwanangu," akasema baada ya muda, "mnalipa shilingi ngapi pale?"

Nilimwambia. Aliendelea kuchambua.

Hakuhitaji kuongeza. Mtoto wa wifi yangu, umri uleule, anasoma shule ya serikali hukohuko Muheza, na huko ada hakuna. Darasani kwao wamerundikana, wengine sakafuni. Yeye kalenda ileile angeisoma tangu juu mpaka jina la mchapaji. Mtaala wa la kwanza na la pili serikalini uliwekwa makusudi uegemee KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, basi. Sisi tulikuwa na maharage, mchicha, vinyago vya udongo, na mtoto wa miaka minane anayekisia.

Shule zilipofunguliwa nilikwenda na sauti yangu ya kazini. Mwalimu wa chumba kidogo alikuwa kijana mpole, mrefu, anayevaa ndala. Hakujitetea. Alifungua lile kauntabuku. Kila mtoto ana kurasa zake. Za binti yangu zilianza Februari: "Anakisia neno kwa herufi mbili za mwanzo." Machi: "Akikosea hasimami, anaunda sentensi yake na inaleta maana. Ana masikio mazuri kuliko macho." Mei: "Tumeanza maneno yenye mwanzo mmoja: kata, kaka, kama, kaba. Anachukia. Tumeyageuza mashairi."

Kabla bibi hajapanda basi la kuja Dar, mwalimu alikuwa ameshaliona tatizo, ameshaliandika, na ameanza kulitibu.

"Mbona hukutuambia?" nikauliza.

"Ningewaambia, mama, mngemkalisha mezani kila jioni."

Alikuwa sahihi, na bado nilikasirika, na hasira hiyo sijaiacha. Hapa ndipo ninapogombana na shule za namna hii. Zinakuomba uvumilivu kama anavyoomba mkopaji, halafu daftari hazikuonyeshi. Mzazi anayejua mwanawe yuko wapi na anaelekea wapi anaweza kungoja miaka miwili. Anayeambiwa "usijali, mama" kila anapouliza hawezi kungoja hata miezi miwili, na wala halaumiki. Tangu siku ile tulikubaliana, kwa wazazi wote, kwamba kauntabuku linafunguliwa kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Wengi tulishangaa kukuta watoto wetu wamejulikana kiasi kile.

Kufikia Krismasi alikuwa anasoma, na tangu hapo hatujapumzika. Anasoma mabango, karatasi za ndani ya boksi la dawa, meseji zangu.

Angesoma hata angebaki kwenye kibao? Pengine mapema zaidi. Hilo nimelikubali.

Viboko vinne

Kwenye kikao kimoja mama mwenzetu aliomba, kwa heshima zote, mwanawe achapwe. "Kidogo tu, Mwalimu. Nyumbani hanisikii."

Sheria inaruhusu. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kenya walishapiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Sisi hata baada ya mtoto wa darasa la tano kufa Bukoba mwaka 2018, kwa kipigo cha mwalimu aliyemtuhumu wizi wa mkoba, mjadala uliwaka wiki chache ukazimika.

Mwalimu Mkuu alimsikiliza yule mama, akasema, "Mimi nimechapa tangu nilipoajiriwa mpaka nilipochoka. Sijaona mtoto aliyeelewa sehemu za namba kwa sababu yangu. Nimeona walioacha kuuliza."

Hakuna aliyebisha. Lakini nikaona wazazi wawili watatu wanatazamana, na nilijua wanawaza nini: mwalimu asiyechapa, asiyepanga namba, asiyetoa kazi za nyumbani, huyo mtoto wangu atamwogopa nini? Tumelelewa tukiamini hofu ni sehemu ya ada.

Majina yametoka

Yule kijana wa ndala aliondoka mwaka jana, katikati ya muhula wa pili. Orodha ya ajira mpya za walimu serikalini ilikuwa imetoka na jina lake lilikuwemo. Amepangiwa Katavi. Alikuja kuaga siku moja tu, watoto wakamfungia geti.

Nani amlaumu? Serikalini kuna mshahara usiotegemea kama Mama Fulani amelipa awamu ya tatu. Kuna pensheni, benki zinamkopesha, na akiugua nafasi yake inamngoja. Kwetu, na hili nalijua kwa kuwa niko kamati ya wazazi na nimeziona hesabu, kuna miezi mshahara umetoka tarehe 10 badala ya mwisho wa mwezi, kwa sababu sisi wenye magari tulikuwa tunasubiri "mambo yakae sawa".

Ngoja niwape hesabu yenyewe. Ada yetu ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, imegawanywa awamu nne. Mwalimu analipwa laki sita kwa mwezi, yaani milioni 7.2 kwa mwaka. Piga mwenyewe: watoto watatu wakiondoka, ameondoka mwalimu mmoja. Shule yenye watoto 800 ikipoteza watatu haijui hata kama wameondoka. Sisi tukipoteza watatu tunakaa kikao.

Na mwaka jana tulipoteza watatu hasa. Mapacha wa rafiki yangu Julai, halafu yule mtoto wa fundi gereji.

Mwalimu wa chumba kikubwa akahamishiwa chumba kidogo kuziba pengo. Mwalimu Mkuu mwenyewe, na magoti yake yale, akashika chumba kikubwa. Kauntabuku la yule kijana lilibaki kabatini. Aliyerithi alijaza kurasa kwa bidii, lakini ukisoma unaona anaandika ili mzazi asome: "Anaendelea vizuri. Ana juhudi." Hajui kutazama kama yule. Si kosa lake, ni kipaji, na vipaji viwili haviji kwenye shule ndogo kwa pamoja.

Tuliponunua "mfumo" wa shule hii, na ndivyo tulivyokuwa tunasema kwa majirani, kwamba tumependa mfumo, kumbe tulikuwa tumempenda mtu mmoja mwenye kauntabuku.

Nani ana uwezo wa kuchelewa

Mama wa mapacha ana duka la vitenge Kariakoo. Ndiye aliyenileta kwenye shule hii, na ndiye aliyekuwa akiitetea kwenye grupu kuliko Mwalimu Mkuu mwenyewe. Alipowahamisha wanawe hakuandika kwenye grupu. Alinipigia simu usiku.

"Shoga, wewe mwanao akifeli la nne utampeleka kwingine, utalipa. Mume wako ana kazi, wewe una kazi, babu yake ana nyumba. Mimi wangu urithi wao ni cheti. Nikikosea hapa sina pa kusahihishia."

Nilitaka kumwambia kuhusu kuelewa na kukariri. Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa akielewa kuliko mimi.

Nimesoma sana tangu usiku ule, na kinachonishangaza ni kwamba shule hizi zote tunazoziiga zilianzia kwa watu kama yeye na wa chini yake. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa makabwela wa Roma, kwa watoto ambao wazazi wao walishinda vibaruani. Shule ya kwanza ya Waldorf, Stuttgart, 1919, ilianzishwa kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara, na jina la kiwanda ndilo likawa jina la shule. Hata hapa kwetu, masista ndio walioipeleka Montessori kwenye chekechea za parokia, muda mrefu kabla haijawa neno la kuandikwa kwenye geti lenye kamera.

Halafu kuna Mwalimu Nyerere. Machi 1967 alitoa Elimu ya Kujitegemea, akisema shule iwe na shamba au karakana yake, mtihani usiwe ndio mfalme, na watoto waanze darasa la kwanza wakiwa wakubwa kidogo ili wajifunze kwa haraka na wamalize wakiwa na akili ya kutenda. Ukimpa Mwalimu Mkuu wetu kijitabu kile bila jalada atakwambia ni brosha ya shule yake.

Mimi na mama wa mapacha tumekulia mabaki ya mpango huo. Tulichobakiziwa ni kidumu cha maji, fagio, ndoo ya samadi, na palizi kwenye shamba la mwalimu Ijumaa mchana, halafu mtihani uleule ukiwa umekaa kwenye kiti chake cha enzi. Azimio la Musoma la 1974 lilijaribu tena kuupunguzia mtihani uzito. Jembe likabaki, mtihani ukabaki nao, kilichokufa ni ile hoja ya katikati. Kwa hiyo mwanamke wa Kariakoo akiambiwa mwanawe anajifunza kwa kupanda mchicha, anachokumbuka ni malengelenge. Na mimi ninayelipa milioni mbili na laki nne ili wangu ashike jembe, marehemu baba yangu angenidai risiti.

Anayeweza kusema "mtoto asome kwa kasi yake" ni yule ambaye kasi hiyo ikiwa ndogo haimgharimu. Sisemi hivi ili tuone aibu tulio na kazi. Ninasema kwa sababu kwenye vikao tunaongea kana kwamba waliobaki wana imani na walioondoka ni waoga. Yule fundi gereji alijaribu jambo la hatari kuliko sisi wote. Alilipia mwaka mzima kitu ambacho hawezi kukithibitisha kwa ndugu zake.

Na uthibitisho wenyewe ukoje? Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kwamba haliwatangazi tena wanafunzi bora wala shule bora. Nilifurahi wiki moja. Matokeo ya kila shule bado yako mtandaoni, na wenye shule wanajipanga wenyewe: tembea barabara yoyote ya mji huu uhesabu mabango ya "wa kwanza kata", "wa kwanza wilaya". Mtaala mpya umepunguza elimu ya msingi ikome la sita, 2027 madarasa mawili yatamaliza pamoja, na elimu ya lazima imekuwa miaka 10. Kwa maandishi, mlango wa sekondari uko wazi. Lakini mzazi anayewazia shule za serikali za vipaji maalumu, Kibaha, Mzumbe, Ilboru, Kilakala au Msalato, hafikirii mlango, anafikiria dirisha dogo. Dada yangu aliyeolewa Nairobi ananicheka. Wao waliachana na mfumo wa 8-4-4, KCPE, mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho ikafanyika 2023, na anasema sasa mwenye kukesha na gundi na makasha akitengeneza kazi za mtaala wa umilisi ni yeye, mtoto amelala.

Shule yetu ina matokeo ya upimaji wa la nne. Mwaka juzi walifanya watoto sita, wakafaulu wote. Ukiwa na watoto sita hakuna anayekuamini. Wakifaulu wanasema ni wachache, akifeli mmoja wanasema ni moja ya sita ya darasa.

Intavyuu

Mapacha walifanyiwa intavyuu kwenye shule mpya, kubwa, ya bango. Walikaa meza mbili tofauti. Mmoja akapita, akaingia la tatu na wenzake. Mwingine Kiingereza cha kuandika kilimwangusha, wakasema arudi la pili.

Mapacha. Wamezaliwa wamepishana dakika chache, sasa wamepishana darasa.

Mama yao alijadiliana mpaka akachoka. Shule ilikuwa na sababu yake: upimaji wa la nne unakuja na hawataki wastani ushuke. Huko hakuna anayekufukuza. Unarudishwa tu darasa, au unashauriwa, neno la kistaarabu kabisa, utafute shule "itakayomfaa zaidi". Wizara imekemea kukaririsha watoto mara nyingi, na kila mwaka wanakaririshwa.

Nilimtembelea dukani kabla ya Krismasi. Aliyepita amekuwa wa nne kati ya arobaini na kitu. Mama yake alinionyesha ripoti kwenye simu, na uso ulimng'aa, na mimi nilifurahi naye bila kinyongo. Aliyerudishwa anaandika insha ya Kiingereza yenye aya tatu, kitu ambacho binti yangu hawezi. Jumapili jioni analalamika tumbo.

"La kweli au la uongo?" niliuliza.

"La kweli," akasema. "Nimempeleka hospitali mara mbili."

Akanifungia doti mbili za kitenge kwa bei ya jumla, tukaongea mengine.

Jumamosi

Wiki iliyopita tulikaa kikao cha kamati. Ajenda moja: binti yangu na wenzake saba wako la nne, upimaji ni Oktoba, na wazazi watano kati ya wanane wameuliza chini kwa chini bei za tuisheni za mtaani.

Nilipendekeza tuilete tuisheni ndani. Jumamosi asubuhi, saa mbili mpaka saa sita, mitihani ya miaka iliyopita, kwa saa, kwa kalamu, kwa ukimya. Mtoto wa mwendesha bodaboda na wa daktari wafundishwe wote jinsi karatasi ile inavyouliza, maana nayo ni ujanja unaofundishika, kama kisado. Kuwaficha watoto mtihani kwa miaka minne halafu kuwakabidhi chumba chenye msimamizi mgeni ni ukatili wenye tabasamu.

Baba mmoja, msomi, alinipinga vikali. Alisema tukianza hivyo tumekwisha, mwakani itakuwa Jumatano, mwaka wa keshokutwa tutakuwa na bango barabarani. Ana hoja. Nilimuuliza wanawe wakubwa wanasoma wapi. Wako shule ya kimataifa, ambako huo upimaji hawafanyi.

Mwalimu Mkuu alituacha tumalize. Akasema atakubali kwa masharti mawili: karatasi zisahihishwe na watoto wenyewe kwa kubishana, na majibu yasitumwe kwenye grupu. Na kuhusu nafasi, mzazi akitaka kujua wa kwake ni wa ngapi kati ya wanane, aje ofisini ataambiwa. Mdomoni tu, kwenye karatasi hapana.

Tukapiga kura, ikapita. Shilingi 5,000 kwa Jumamosi, na asiye nayo anakuja hivyohivyo. Nilimtumia ujumbe yule fundi gereji, namba yake ninayo kwa sababu ndiye anayenitengenezea gari, kumwambia kwamba mwanawe akitaka kuja Jumamosi nafasi ipo, hata kama anasoma kwingine. Ameandika, "Ahsante mama, nitaangalia."

Mwalimu mpya wa chumba kikubwa anaripoti Jumatatu. Kamati ilimhoji kabla hajapewa barua. Ana digrii, ana kauntabuku lake mwenyewe alilokuja nalo, na alitueleza kwa dakika kumi jinsi mtoto mmoja wa shule aliyotoka alivyokuwa akichanganya kutoa na kugawanya, mpaka tukasahau maswali mengine.

Mwishoni nilimuuliza kama ameomba ajira serikalini.

"Nimeomba, mama," akasema. "Majina yakitoka nitaenda."

Tumempa kazi. Awamu ya pili inalipwa Aprili.